Tamaa, Uchu na Kuoza kwa Mhusika: Fasihi ya Kiswahili Isomwapo Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule uandikwao kwa ajili ya shule, mhusika aliyepotoka kwa sababu ya mali au cheo huelezwa kwa orodha ya sifa. Husemwa kuwa ni mwenye tamaa, ni katili, ni mwongo, ni mbinafsi. Kila sifa huambatanishwa na tukio moja la kuithibitisha, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Utaratibu huo una manufaa yake, kwa kuwa humlazimisha mwanafunzi airudie matini na kutafuta ushahidi. Hata hivyo una kasoro kubwa. Humfanya mhusika aonekane kana kwamba alizaliwa na tamaa kama alivyozaliwa na pua, na swali lililo gumu kuliko yote huachwa bila kuulizwa: mtu huyu alianzaje, na alifikaje hapo alipo?

Makala haya yanakusudia kulirudisha swali hilo mahali pake. Mifano imetolewa katika tamthilia na riwaya zilizosomwa kwa wingi Kenya na Tanzania, na mahali palipochaguliwa pa kuitazamia ni Mundika, karibu na mji wa Busia, pamoja na Busia yenyewe na Malaba. Uchaguzi huo una sababu. Mwanafunzi wa eneo hilo huvisoma vitabu vile vile vinavyosomwa Nairobi au Mombasa, lakini huvisoma mahali ambapo habari za faida, hongo na cheo zimeacha alama hata katika msamiati. Inafaa basi kuanza na maneno kabla ya kufika kwa wahusika.

Msamiati wa Tamaa

Neno lenyewe tamaa, lililoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, lina ncha mbili. Kwa upande mmoja ni kule kutaka kupita kiasi, kunakolaumiwa na methali kama ile isemayo kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa upande wa pili ni tumaini. Mtu aliyekata tamaa hasifiwi kwa kuwa ameacha ulafi. Huhurumiwa kwa kuwa amepoteza matumaini. Lugha, kwa hiyo, haikuweka ukuta kati ya tumaini na ulafi. Imeviita kwa jina moja, na ikamwachia msikilizaji kazi ya kupambanua kwa muktadha.

Neno uchu ni jingine. Maana yake ya asili ni hamu kali ya kitoweo, hasa nyama au samaki. Yafaa uchu utofautishwe na njaa. Njaa hutaka chakula na hutulia tumbo likijaa. Mwenye uchu huenda amekwisha kula. Anachokitaka ni kile kinono kilicho sahanini mwa mwingine. Ndiyo maana wasemaji wa Kiswahili, walipotafuta neno la kuelezea jinsi watu wanavyoyataka madaraka, walisema uchu wa madaraka. Njaa ya madaraka ingefaa iwapo cheo kingekuwa haja ya mwili.

Ukiongezwa hapo uroho, ulafi na kiu, pamoja na kitenzi kula kinachotumika kwa rushwa, hongo na fedha za umma, huonekana kuwa maadili ya utawala yamefikiriwa katika Kiswahili kwa picha ya chakula. Mohamed Suleiman Mohamed aliipa riwaya yake ya mwaka 1972 jina la neno moja tu, Kiu, na katika riwaya hiyo kiu ya mapenzi na kiu ya fedha huchanganyika hata Idi akautumia upendo wa Bahati kuufikia utajiri wa mzee Mwinyi. Na kwa kuwa chakula kilichorundikwa bila kuliwa wala kugawiwa huoza, si ajabu kwamba picha ya kuoza imefuatana na picha ya kula. Methali ya samaki mmoja akioza inaeleweka upesi Busia, ambako dagaa wa Ziwa Victoria, wajulikanao huko kwa jina la omena, huuzwa sokoni.

Mpaka na Maneno Yake

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari mpya ukawaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili. Jamaa za ukoo mmoja zikajikuta katika dola mbili, na mambo ambayo hapo awali yalikuwa ni kupeleka mahindi kwa shemeji yakawa, kwa macho ya sheria, ni kuvusha bidhaa.

Mpaka huo umeipa lugha maneno. Boda boda, jina la baiskeli na baadaye pikipiki ya abiria, lilianzia huko, waendeshaji walipokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya forodha. Njia za panya ni vichochoro vya kupitia bila kukaguliwa. Magendo ni neno la zamani zaidi, lakini lilipata nguvu mpya katika miaka ya 1970. Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, na mwezi wa Agosti 1972 akawaamuru Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Maduka, viwanda na nyumba zao viligawiwa wanajeshi na watu waliokuwa karibu na watawala. Kisha, baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya kahawa ulimwenguni ilipanda sana. Mkulima wa Uganda, aliyelipwa kidogo na bodi ya nchi yake, aliona faida iko ng'ambo. Kahawa ikavuka kwa njia nyingi, na Chepkube, upande wa Mlima Elgon, pakawa na sifa iliyofika mbali kwa biashara hiyo.

Matajiri wapya wa Uganda waliitwa mafuta mingi. Mwanaisimu atatambua mara moja kuwa upatanisho umevunjika, kwani kwa sarufi sanifu ingekuwa mafuta mengi. Lakini lililo muhimu zaidi ni jinsi jina hilo lilivyotumika. Lilitaja wingi wa kitu, kisha likawa jina la mtu mwenye kitu hicho. Mtu alisemwa kuwa yeye ni mafuta mingi. Mwenye mali ametoweka katika usemi huo, na mali imesimama mahali pake. Bila kukusudia nadharia yoyote, watu wa kawaida walikuwa wameeleza jambo ambalo watunzi wa tamthilia huhitaji matendo kadhaa kulionyesha: kwamba tamaa ikishakomaa, humla mwenyewe aliye nayo hadi pasibaki kitu cha kuelezwa ila vile alivyonavyo.

Yafaa kuonya kwamba maelezo haya hayamaanishi kuwa wakazi wa Busia na Malaba wana maadili pungufu kuliko wengine. Mama aliyevuka na debe la mahindi ili alishe watoto alisukumwa na njaa. Mwenye malori aliyemhonga afisa alisukumwa na uchu. Sheria iliwaita wote wawili kwa jina moja la magendo. Fasihi haina ruhusa ya kufanya hivyo, na mwanafunzi aliyekulia huko anao uwezo wa kuutambua upambanuzi huo kabla hajafundishwa.

Mhusika Aliyeoza na Mhusika Anayeoza

Katika fasihi andishi ya Kiswahili, desturi ya kumpa mhusika jina la sifa ni ya zamani. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alimwita waziri mshtaki Majivuno, na katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili wenye kijicho waliitwa Hasidi na Mwivu. Mhusika wa namna hiyo haozi. Ameingia akiwa ameoza. Kazi yake ni kuusimamisha uovu mbele ya msomaji ili upimwe na wema ushindane nao. Hapana kosa katika ufundi huo, ambao una mizizi katika ngano na hekaya, lakini hauwezi kulijibu swali la jinsi mtu anavyobadilika.

Kielelezo cha mhusika anayeoza kiliwafikia wasomaji wengi wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1968 S. S. Mushi alitoa Makbeth, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare. Mwaka uliofuata Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, na kwa kumwita mfanyabiashara bepari akaielekeza kazi hiyo ya kale katika mjadala wa siasa za Tanzania ya wakati huo. Mushi hakuwa na haja ya kubadili jina. Makbeth anapoanza ni askari hodari, mwaminifu, anayestahili heshima aliyopewa. Wachawi wanampa tumaini, na tumaini hilo lina msingi, maana sehemu ya kwanza ya utabiri inatimia papo hapo. Hapo ndipo ncha mbili za neno tamaa zinapoonekana katika mtu mmoja. Anatumaini, kisha anatamani, kisha anaua. Baada ya kumwua mfalme hapati utulivu. Kila mauaji yanadai mauaji mengine ya kuyalinda. Mtazamaji ameyaona yote hatua kwa hatua, wala hawezi kusema ni dakika ipi hasa ambapo tumaini liligeuka.

Tamthilia za Kiswahili za Kenya zilizotungwa kuhusu utawala mbaya zimefuata, kwa sehemu kubwa, njia ya Shaaban Robert kuliko ile ya Makbeth. Bokono, mtemi wa Butangi katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), amekwisha kukihodhi kisima pazia linapofunguliwa. Meya Sosi wa Cheneo katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) amekwisha kuwazoea wafanyakazi wasiolipwa na hospitali isiyo na dawa. Majoka wa Sagamoyo katika Kigogo ya Pauline Kea amekwisha kulifunga soko la Chapakazi. Katika riwaya, Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora amekwisha kunyakua ardhi kwa hati za uongo na kumwaga damu zamani, na hadithi inafuata jinsi siri hizo zinavyofichuka hadi anapojitia kitanzi.

Ingewezekana kusema kwamba huo ni udhaifu wa kisanaa. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Waandishi hao waliandika juu ya hali ambayo raia wengi waliikuta: mtawala alikuwapo walipozaliwa, na hakuna aliyekumbuka siku ambayo alikuwa mtu mwema. Kejeli ya kisiasa, aidha, huhitaji shabaha isiyosogea. Lakini ukweli unabaki kwamba mwanafunzi akiwatazama watawala hawa peke yao atajifunza sura ya uozo tu, bila kuujua mwanzo wake. Atafunga kitabu akiamini kuwa yeye hahusiki, kwa kuwa yeye si mtemi wala meya.

Wadogo wa Karamuni

Safari ya kuoza haikukosekana katika kazi hizo. Imehamishiwa kwa wahusika wadogo, na huko ndiko inakofaa kutafutwa.

Mfano ulio wazi ni Gege katika Kifo Kisimani. Huyu ni ndugu wa Mwelusi, kijana anayewaongoza wenzake kudai haki. Gege si mtawala wala hana njaa. Anaahidiwa kumpata Alida, binti wa mtemi. Kutaka kuoa si kosa, na kutaka kuinuka kutoka hali ya chini si kosa. Ni tamaa kwa maana ile ya tumaini. Ila bei ya tumaini hilo ni uhai wa nduguye, na Gege anailipa kisimani. Tendo hilo linatisha kuliko ukatili wote wa Bokono kwa sababu limetendwa na mtu ambaye msomaji angeweza kukaa naye jikoni. Bokono hawezi kuua kwa mkono wake mwenyewe bila kuchafuka. Anamhitaji mtu mwenye tumaini dogo la kununulika.

Katika Kigogo picha ya chakula inaletwa jukwaani wazi. Kenga, mshauri wa Majoka, anawapelekea wachongaji keki ya uhuru. Boza anaila kwa furaha. Sudi anaikataa, kwa kuwa anaona ni makombo ya karamu ambayo wao hawakualikwa. Hakuna damu iliyomwagika katika onyesho hilo wala fedha iliyopita mkononi, lakini hapo ndipo mipaka ya watu wawili inapochorwa. Asiya, mkewe Boza, ambaye huitwa Mamapima, naye anauza pombe haramu chini ya kivuli cha watawala. Mtunzi anaonyesha kwamba dola iliyooza haisimami kwa bunduki pekee. Husimama pia kwa vipande vya keki na vibali vidogo vya kuuza sumu.

Kenga mwenyewe anazua swali gumu. Mwishoni, Majoka anapoelemewa, Kenga anamwacha na kujiunga na umma. Je, hiyo ni toba, au ni uchu ule ule uliotambua kwamba karamu imehamia nyumba ya pili? Matini yanaruhusu mjadala, na mjadala huo una thamani kuliko jibu lolote la orodha ya sifa.

Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea anaonyesha kwamba tamaa si ya mali na cheo tu. Anachokitaka ni kujulikana kuwa mwandishi. Haja hiyo ni halali na pengine ni ya kusifiwa, maana jamii isiyo na watu wanaotaka kuandika ni maskini. Lakini anapoupata mswada wa Amani anautoa kwa jina lake. Kakaye ameiba ardhi, yeye ameiba maneno; na mwandishi amewaweka katika familia moja ili msomaji asidhani kwamba wizi wa kitabu ni jambo dogo kwa kuwa hauna hati ya shamba.

Ulinganisho na kazi za Kiingereza za eneo hili unathibitisha jambo hili. Francis Imbuga, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya, alimwumba katika Betrayal in the City (1976) Mulili, jamaa wa mtawala Boss. Mulili hana fikra yoyote ya kisiasa. Hutaka shamba, ng'ombe na kandarasi ya maziwa, na kwa ajili ya kandarasi hiyo mtu anauawa. Mwishoni, mambo yanapogeuka, anamkana hata Boss mwenyewe. Utiifu ulionunuliwa kwa maziwa hauwezi kudumu maziwa yakikauka.

Uchu Baada ya Sahani Kuondolewa

Liko jambo ambalo tamthilia za Kiswahili zilizotajwa hazikuligusa sana, nalo ni hali ya mtu aliyekwisha kuonja madaraka na kuyapoteza. John Ruganda wa Uganda, ambaye alikuja kuishi na kufanya kazi Kenya, alilishughulikia katika The Burdens (1972). Wamala alikuwa waziri. Akashukiwa kula njama dhidi ya serikali, akafungwa, na sasa ni maskini anayeishi katika nyumba duni pamoja na mkewe Tinka na watoto wawili. Hana cheo, ila uchu wake ni ule ule. Hulewa, hubuni mipango ya kurudia utajiri kwa njia ya mkato, na huwatazama jamaa zake kama ushahidi wa kuanguka kwake. Anauawa na mkewe mwenyewe.

Kazi hii ni ya lazima kwa hoja ya makala haya kwa sababu inautenga uchu na kitu kinachotamaniwa. Katika Bokono au Majoka, uchu na kiti vimeshikamana, na mwanafunzi aweza kudhani kuwa kiti ndicho kinachoozesha. Wamala ameondolewa kitini na bado anaoza. Dawa ya kubadilisha mtawala, ambayo ndiyo suluhisho la tamthilia nyingi, haimfikii.

Ufundishaji

Yatokanayo na hoja hizi kwa darasa ni mambo matatu. La kwanza ni kwamba orodha ya sifa ibadilishwe kuwa maelezo ya hatua. Badala ya kuandika kwamba Gege ana tamaa, mwanafunzi aulizwe Gege alitumaini nini, nani aliliona tumaini hilo, aliahidiwa nini, na ni wakati gani angeweza kurudi nyuma. Majibu yatapatikana katika matini yale yale, na ushahidi hautapungua.

La pili ni kwamba maneno njaa, tamaa, uchu, uroho na ulafi yasitumiwe kana kwamba ni visawe. Mwanafunzi wa Mundika ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiluhya, au mwenzake wa Malaba asemaye Kiteso, aulizwe pia lugha yake inavyougawa msamiati huo. Huenda mgawanyo usilingane na wa Kiswahili, na tofauti hiyo yenyewe itamfundisha kuwa maadili hayatenganishwi na lugha yanamosemwa.

La tatu ni kwamba mifano ya mazingira itumiwe kwa uangalifu. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, taratibu za kuvuka zimebadilika, lakini maneno yaliyozaliwa na mpaka hayakufutika. Mwalimu anayeyatumia katika somo asiyageuze kuwa mashtaka dhidi ya wazazi wa wanafunzi wake. Ayatumie kuonyesha tofauti ya aliyevuka kwa njaa na aliyevuka kwa uchu, na kisha awarudishe wanafunzi kwa Boza na kipande chake cha keki.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba Kiswahili huiita tamaa na tumaini kwa jina moja, na kwamba uchu, kwa asili yake, ni hamu ya mtu asiye na njaa. Imeelezwa pia kwamba katika kazi nyingi za Kenya mtawala huonyeshwa akiwa amekwisha kuoza, ilhali mwendo wa kuoza huonekana kwa ndugu, mchongaji, mshauri na mwalimu. Uhakiki ukiendelea kumtazama mtemi peke yake, utawalea wasomaji wanaojua kumlaumu mtemi na wasiojua kuikataa keki. Wanafunzi wanaosoma vitabu hivi leo, mpakani na kwingineko, ndio watakaokuwa makarani wa forodha, walimu, madiwani na wachongaji wa kesho. Ni wachache sana kati yao watakaopewa kiti cha Majoka, lakini ni vigumu kumtaja hata mmoja ambaye hatapelekewa kipande cha keki.